Mifupa Yasema, Serikali Ndiyo Haitaki Kusikiza



Kuna mama mahali fulani Pwani ambaye mwanawe alichukuliwa na watu wasiojitambulisha, na mpaka leo hajui amsomee hitma au amuombee arudi. Kuna mke hajui akae eda au aendelee kungoja. Halafu mtu anakuja kuwaambia: "Miili ikioza haitambuliki, muachieni Mungu." Msikubali!

Hebu tuangalie Srebrenica. Julai 1995, wanaume na wavulana wa Kiislamu wapatao 8,000 waliuliwa kwa siku chache tu. Wauaji wakarudi na matingatinga, wakafukua makaburi na kuhamisha miili ili kuficha ushahidi. Mifupa ya mtu mmoja ikapatikana makaburi tofauti. Lakini jamaa zao walitoa damu, maabara ikalinganisha na mifupa, na leo karibu 7,000 wametambuliwa. Kila tarehe 11 Julai, waliotambuliwa huswaliwa na kuzikwa kwa majina yao.

Yawezekanaje? Kila mmoja wetu amerithi nusu ya DNA yake kwa mama na nusu kwa baba. Meno na mfupa wa paja huihifadhi miaka mingi baada ya nyama kuisha. Maabara husoma sehemu maalum za DNA hiyo na kuzilinganisha na za mzazi au mtoto. Lakini mashine haijui jina la mtu. Bila sampuli ya familia, marehemu hubaki kuwa nambari tu.

Sasa turudi kwetu. Shakahola, miili ilianza kufukuliwa Aprili 2023. Familia ya kwanza ilikabidhiwa maiti Machi 2024, karibu mwaka mzima baadaye. Wakati huo, kati ya miili 429, ni 34 tu iliyokuwa imetambuliwa kwa DNA. Na ile iliyoopolewa Mto Yala, je? Ni wazazi wangapi walioitwa kutoa sampuli?

Sheria ya kuunda huduma ya kuchunguza vifo vya kutatanisha ilipitishwa 2017. Shakahola ilipotokea, huduma hiyo ilikuwa bado haijaanza kazi. Wakisema pesa hakuna, waulizeni: Bosnia iliyotoka vitani iliwezaje?

Tunadai mambo matatu. Moja, mwili wowote usiojulikana usizikwe kabla sampuli kuhifadhiwa na kaburi kupewa nambari. Mbili, familia ya aliyepotea ipimwe bure, na sampuli yake itumike kumtafuta jamaa yake tu, isigeuzwe mtego wa kuwasaka nduguze. Tatu, kazi hii isiachwe mikononi mwa polisi peke yao. Mshukiwa hawezi kuwa yeye ndiye mlinzi wa ushahidi.

Na wewe, usikae tu. Jamaa akipotea, ripoti upewe nambari ya OB. Mswaki wake usitupe, chanuo lake usilioshe. Weka kwenye bahasha ya karatasi, si mfuko wa plastiki, maana unyevu huharibu DNA. Wazazi wangali hai? Wasaidie watoe sampuli mapema, kwani mzazi akifa, kulinganisha kunakuwa kugumu zaidi.

Maiti ana haki yake: kuoshwa, kukafiniwa, kuswaliwa na kuzikwa akijulikana ni nani. Anayemnyima jina amemuua mara ya pili.