Kilichochemka ni Maji au Petroli?

Njia itokayo Mombo kwenda Lushoto ni ya kilomita 33 hivi tu, lakini hupanda takribani mita 1,000. Hapo ndipo mwenye Land Rover au Peugeot 404 ya zamani huijua tabia halisi ya gari lake. Jua ni kali, watoto wamejaa nyuma, na injini hukohoa ikazimika konani. Wengi huirukia rejeta na kuifungua papo hapo. Hilo ni jambo la hatari, kwani maji ya moto yaliyofungiwa kwa shinikizo hufoka na kuunguza uso.

Kabla ya kugusa chochote, tazama geji ya joto. Ikiwa ni nzima, itakuambia kilichochemka.

Mshale ukiwa umepanda hadi alama nyekundu, ni maji. Zima injini, weka mawe nyuma ya magurudumu, inua boneti, kisha ungoje nusu saa au zaidi, hadi rejeta ishikike kwa mkono. Ndipo ufungue mfuniko polepole kwa kitambaa kinene. Ongeza maji kidogo kidogo. Maji baridi yakimiminwa ghafula yaweza kupasua injini. Kagua mkanda wa feni usiwe umelegea, rejeta isiwe imezibwa na nyasi, na mpira wa mfuniko usiwe umechakaa. Maji yaliyo wazi huchemka kwa nyuzi 100 huko Tanga pwani, bali Lushoto huchemka kwa nyuzi 95 hivi. Mfuniko mzima huyatia shinikizo yasichemke mapema. Tambara lililosokotwa mahali pake haliiwezi kazi hiyo.

Mshale ukiwa katikati, yamkini petroli imegeuka mvuke. Hutokea hasa ukisimama Soni kutazama maporomoko: feni ikiisha kuzunguka, joto la injini hupanda kwenye kabureta, na gari hukataa kuwaka. Inua boneti ungoje, wala mtu asiwashe sigara. Kitambaa kilicholowa maji juu ya bomba na pampu ya petroli husaidia. Dawa ya kudumu ni kulitenga bomba hilo na ekzosi, na kurudisha kikingio cha joto chini ya kabureta kama kiliondolewa.

Basi chukua dumu la maji, panda kwa gia ndogo, wala usione haya kupumzika njiani. Nusu saa ya kungoja kivulini haijamchoma mtu uso.