Kaka Mwenye Hasira na Duka la Kikuubo

Barua ya juma hili imetoka kwa koplo mmoja wa UPDF aliye kazini mbali na Kampala. Jina lake tunalihifadhi. Kaka yake wa tumbo moja anaendesha duka la jumla huko Kikuubo, na mtaji wake ni wa ndugu wote wawili. Sehemu yake ni urithi wa marehemu baba yao. Sehemu nyingine ni mkopo ambao koplo aliuchukua katika Wazalendo, chama cha akiba na mikopo cha wanajeshi, nao ungali unakatwa katika mshahara wake kila mwezi. Dada yao wa mwisho ndiye mshika hesabu.

Koplo anakiri kwamba kaka huyo ni mchapakazi, hanywi pombe, na ndiye aliyewasomesha wadogo zake. Ila ni mwepesi mno wa hasira. Mwezi uliopita dada alikosea hesabu ya katoni za sabuni, na kaka akampiga usoni kwa daftari mbele ya wateja. “Nikipata likizo,” anaandika koplo, “nitafika pale na wenzangu wawili, tukiwa na sare, tumfundishe adabu. Je, nitakuwa nimekosa?”

Naam, Ndugu Koplo, utakuwa umekosa.

Msomaji asiyepajua Kikuubo na aelewe kwanza mahali penyewe. Jina hilo kwa Kiganda maana yake ni njia nyembamba, na kweli ni kichochoro kilichobanwa na maduka, jirani na Nakivubo na vituo vya mabasi. Wanunuzi hutoka Arua, Juba, hata Goma, kutafuta sukari, sabuni, mchele na mafuta ya kupikia kwa bei ya jumla. Mchukuzi mwenye gunia la kilo 50 kichwani hamsubiri mtu; usipompisha atakusukuma. Maduka yamegusana ukuta kwa ukuta, na neno linalosemwa kwa sauti kwenye kaunta moja husikika kwenye kaunta nyingine tano. Zaidi ya hayo, biashara nyingi ya pale huenda kwa mali kauli: mtu hupewa bidhaa leo kwa kuaminiwa jina lake, akalipa baadaye. Kwa hiyo kaka anapofoka mbele ya watu anapoteza fedha asizoziona. Mteja aliyechukizwa hagombani naye. Husogea hatua nne tu, akanunua kwa jirani.

Sasa fikiria wanajeshi watatu wenye sare wakisimama mlangoni pa duka hilo. Kabla ya saa sita mtaa mzima utakuwa umekwisha kusema kwamba duka lina kesi. Huo mkopo unaokatwa katika mshahara wako utakuwa umeupiga teke kwa buti lako mwenyewe. Kaka naye, akiwa mbele ya wachukuzi wake, atatetea heshima yake tu. Kosa lake halitazungumzwa. Kisha likizo itakwisha, utarudi kambini, na dada atabaki na mtu aliyeaibishwa kwa ajili yake. Sare uliyopewa na taifa haiendi kwenye ugomvi wa nyumba, na silaha ndiyo kabisa.

Wapo watakaosema kaka asamehewe kwa kuwa kazi ya duka ni dhiki. Ni kweli kuna kodi ya pango, kuna wadeni wasiolipa, na mvua kubwa ikinyesha kuna hofu ya maji kuingia stoo. Mwezi wa Aprili 2024 wafanyabiashara wa katikati ya Kampala walifunga maduka kwa siku kadhaa kwa sababu ya mfumo wa risiti za kodi wa EFRIS, na wengi walikosa usingizi. Lakini dhiki hiyo ni ya wote walio dukani, na dada hakumpiga mtu kwa daftari. Tena jiulize: je, kaka amewahi kumrushia daftari afisa wa kodi, au tajiri anayemdai? Katika barua yako hakuna tukio la namna hiyo. Basi hasira yake ina macho, inamjua wa kumwangukia. Mtu anayeweza kujizuia mbele ya mkubwa anaweza kujizuia mbele ya mdogo pia, ila hajaambiwa hivyo na mtu anayemheshimu.

Mtu huyo ndiye wa kumtafuta kwanza. Kwa Waganda shangazi, yaani ssenga, ana neno lenye uzito katika nyumba ya kaka yake. Katika makabila mengine huenda akawa mjomba au mzee wa ukoo. Mwendee ukiwa na nguo za kiraia, umweleze, kisha akuiteni nyumbani kwake siku ambayo duka limefungwa. Mshukuru kaka kwa ada za shule alizowalipia, kwa maana ni haki yake. Baada ya hapo taja jambo moja tu: “Kaka, siku ile ulimpiga dada yetu. Sitakubali litokee tena. Hesabu ikikosewa, tukae sisi watatu tuitazame.” Usiseme “wewe siku zote,” wala usifukue ya miaka kumi. Akipandwa na hasira, inuka umwambie utarudi kesho, na kesho urudi kweli.

Papo hapo andikeni hisa zenu mbele ya mashahidi. Askari wengi hujua idadi ya risasi walizokabidhiwa, lakini hawajui fedha zao dukani zimekuwa katoni ngapi. Yawezekana kaka anaamini duka ni lake peke yake, na kwamba nyinyi wawili ni mzigo.

Akiinua mkono tena, hilo si la shangazi peke yake. Sheria ya Ukatili wa Nyumbani ya mwaka 2010 haihusu mume na mke tu. Inawalinda ndugu wa damu pia. Dada anaweza kushtaki kwenye mahakama ya baraza la mtaa, LC, ambayo ina uwezo wa kumwamuru mkosaji aombe radhi au alipe fidia. Anaweza pia kwenda polisi, kwenye dawati la familia na watoto. Wewe umsindikize kama kaka yake, na tafadhali isiwe kituo anachofanya kazi rafiki yako.

Jambo moja limenitatiza. Barua yako ina kurasa tatu, na ndani yake hakuna hata neno moja alilosema dada. Mpigie simu kabla hujaomba likizo, umwulize kama anataka kubaki dukani.