Harufu ya Gesi Si Tangazo la Kuisha

BARAZANI MPANDA
Na Rehema Msafiri

"Inaisha hiyo." Ndivyo anavyojibiwa mpangaji wa Makanyagio au Kawajense, hapa Mpanda, anapotoka uani kuuliza kama kuna mwingine aliyesikia harufu ya gesi. Jirani anayechambua mchele hainui hata kichwa. Mtungi ukikaribia kwisha hunuka, nani asiyejua? Mpangaji anarudi ndani kusonga ugali wake.

Ubaya wa jibu hilo ni kwamba lina ukweli ndani yake. Gesi ya kupikia ni mchanganyiko wa propani na butani, na zenyewe hazina harufu ya kumshtua mtu. Ule uvundo wa kitu kilichooza hutiwa makusudi, kwa kemikali ya jamii ya merkaptani. Kemikali hiyo haipandi kuwa mvuke upesi kama propani, hivyo sehemu yake hubaki nyuma ndani ya kimiminika, na mtungi ukifika mwisho, gesi inayotoka hunuka zaidi. Kemia ya jirani haina kasoro. Kosa lake ni kuishia hapo. Gesi inayoungua vizuri huungua pamoja na harufu yake, kwa hiyo pua ikiisikia, ipo gesi iliyotoka bila kuungua, mtungi uwe umejaa au umebakiza tone.

Harufu hiyo nayo ina historia nzito. Tarehe 18 Machi 1937, shule moja katika mji wa New London, jimbo la Texas, Marekani, ililipuliwa na gesi isiyo na harufu iliyokuwa imejikusanya chini ya sakafu. Watu karibu 300 walikufa, wengi wao wanafunzi. Ndipo sheria zikaanza kulazimisha gesi itiwe uvundo. Mpanda imepokea kengele hiyo bila kuilipia, halafu imejifunza kuizoea.

Safu hii haimrudishi mtu kwenye mkaa. Anayepita barabara za mkoa wetu wa Katavi anayaona magunia yanayotoka kwenye miombo, na anajua kwamba kukausha tumbaku peke yake kunakula kuni za kutosha. Katika Wilaya ya Tanganyika, vijiji vinavyolinda msitu wa Ntakata vinaingiza fedha kwa kuuza hewa ya ukaa, kwa hiyo mti uliosimama sasa una bei. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034, na Wakala wa Nishati Vijijini, REA, umekuwa ukiuza mitungi ya kilo 6 kwa bei ya ruzuku. Yote hayo ni heri. Lakini mtungi unakabidhiwa kwa picha na makofi, na mama anayeupeleka nyumbani hajaonyeshwa afanye nini siku utakaponuka.

Wengi wanauogopa mtungi wenyewe, lile pipa la chuma. Mara nyingi hitilafu haianzii huko. Huanzia kwenye maungio: washa ndogo ya mpira iliyokauka au kudondoka, jiko la juu lililofungwa upande kwenye mtungi wa kilo 6, regyuleta isiyolingana na koki ya mtungi wa kilo 15, mpira uliopasuka pale unapopindia. Vitu vya bei ndogo vyote.

Asubuhi ya tarehe 16 Mei 1968, mkazi wa ghorofa ya 18 katika jengo la Ronan Point, London, aliwasha kiberiti achemshe chai. Gesi ilikuwa imevuja usiku. Mlipuko ukasukuma kuta nje, na kona nzima ya jengo lile la ghorofa 22 ikaporomoka. Wanne walikufa; aliyewasha kiberiti akapona. Wachunguzi walipofuatilia, waliikuta nati ya shaba iliyounganisha bomba na jiko, nayo ilikuwa chini ya kiwango. Jengo lilikuwa limeanza kukaliwa miezi michache tu kabla. Kweli muundo wa jengo ulikuwa dhaifu, lakini cha kwanza kushindwa kilikuwa nati.

Namna ya kuitafuta hitilafu haihitaji fundi wala kifaa. Chukua maji na sabuni ya unga au ya kuoshea vyombo, koroga mpaka yatoe povu, pakaza kwa sponji kwenye koki, kwenye regyuleta na kwenye mpira wote, huku mtungi umefunguliwa na jiko limezimwa. Povu likitutumka na kukua, hapo ndipo panapovuja. Funga koki, rudisha kwa wakala. Mtu asikaze kwa spana kwa hasira, maana washa iliyokatika haiponi kwa kubanwa. Wala asizibe kwa gundi au sabuni ya kipande. Na kiberiti? Wapo wanaopitisha njiti iliyowashwa kwenye maungio ili waone panapovuja. Wataona.

Kama harufu imeshajaa chumbani, kupima si wakati wake. Gesi hii ni nzito kuliko hewa. Haipandi darini, inashuka na kutambaa sakafuni, chini ya kitanda, kwenye pembe. Kwa hiyo dirisha la juu halisaidii kama mlango uliofunguliwa wazi. Zima moto wowote, funga koki kama unaifikia, toa watoto, na swichi ya taa usiiguse, iwe ya kuwasha au ya kuzima, kwa kuwa cheche hutokea pande zote mbili. Wakazi wa mji unaokatikiwa umeme wana la ziada la kukumbuka: friji iliyoachwa kwenye soketi hujiwasha yenyewe umeme unaporudi. Simu ipigwe ukiwa nje, na namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114.

Ipo dalili nyingine isiyonuka, nayo ni rangi. Moto mzuri ni wa bluu. Ukiwa wa njano na sufuria zikaota masizi, hewa haiingii ya kutosha, pengine matundu yamezibwa na uji uliomwagika au mdudu aliyejenga ndani. Jiko lizimwe, lipoe, lisafishwe kwa brashi. Moto wa namna hiyo huweza kutoa monoksidi ya kaboni, gesi ileile inayowaua wanaolala na jiko la mkaa ndani usiku wa baridi ya Juni, na hiyo haina harufu kabisa.

Wauzaji nao wana sehemu yao. Bodaboda za Mpanda hubeba mitungi imelazwa kama magogo, ilhali mtungi uliolala unaweza kusukuma kimiminika kwenye koki badala ya mvuke, na kimiminika hicho kikitoka hupanuka zaidi ya mara 200. Kuhamisha gesi kutoka mtungi mkubwa kwenda mdogo nyuma ya duka ndiyo balaa zaidi. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024, lori la gesi lililipuka Embakasi, Nairobi, kwenye kituo cha kujazia kilichokuwa katikati ya makazi; watu kadhaa walikufa na mamia wakaumia. Mamlaka ya nishati ya Kenya ilisema ilikuwa imekataa maombi ya kituo hicho mara tatu mwaka 2023. Wenye kituo waliendelea na kazi.

REA na wauzaji wanaweza kumaliza sehemu kubwa ya tatizo hili kwa dakika tatu za maonyesho kwa kila mtungi. Wauzaji wa Mpanda, kuanzia Soko la Buzogwe hadi maduka ya Kashaulili, waweke kikopo cha maji ya sabuni kando ya mitungi. Na mteja asitoe pesa kabla mtungi wake haujafungwa jiko, ukafunguliwa, ukapakwa sabuni mbele ya macho yake na povu likatulia.