Chumvi ya Mgonjwa Imo Katika Chungu cha Wote

Mgonjwa aliyelazwa kwa sababu ya moyo kushindwa kusukuma damu ipasavyo, anaporuhusiwa kurudi nyumbani, aghalabu hupewa vitu vitatu: vidonge, tarehe ya kurudi kliniki, na agizo la maneno mawili, "punguza chumvi". Vidonge vimeandikwa idadi na saa za kumeza. Tarehe imo katika kadi. Agizo la chumvi peke yake ndilo lisilo na kipimo, tena hupewa mtu ambaye mara nyingi siye apikaye. Mzee huitikia, ilhali mkewe au mkaza mwanawe yuko nje barazani akilinda mizigo. Wiki chache baadaye mzee yule yule hurudishwa wodini akitweta, miguu imemvimba, na hapo hulaumiwa kwa ukaidi. Lawama hiyo, kwa sehemu kubwa, si ya haki.

Ili kuelewa kwa nini chumvi ina uzito kiasi hicho, inafaa kutazama kazi ya figo. Moyo ukidhoofu, damu inayofika kwenye figo hupungua, nazo figo huichukulia hali hiyo kana kwamba mwili umepungukiwa na maji. Homoni kadhaa huamshwa, mojawapo ikiwa ni aldosteroni, ambayo kazi yake ni kuizuia sodiamu isipotee katika mkojo. Sodiamu ndiyo sehemu ya chumvi inayohusika hapa, nayo ni kama asilimia 40 ya uzito wake. Na popote inapobaki, maji hubaki pamoja nayo. Maji hayo huzidi katika mishipa, hatimaye hupenya na kutuama miguuni, tumboni na mapafuni. Ndipo mgonjwa anapolala kwa kuegemea mito mitatu, au anapoamka usiku wa manane kufungua dirisha akitafuta hewa. Dawa za kuongeza mkojo huyatoa maji hayo, lakini mlo wenye chumvi nyingi huweza kuyarudisha jioni yale yaliyotolewa asubuhi.

Agizo, basi, lina msingi. Penye kasoro ni namna linavyotekelezwa. Katika nyumba nyingi tafsiri yake ni sufuria ya pembeni: familia hupikiwa kama kawaida, na mgonjwa hupikiwa mboga iliyochemshwa bila chumvi hata chembe. "Mama, chako hiki hapa," huambiwa, na bakuli lake huwekwa mbali na sinia ambalo yeye mwenyewe ndiye aliyewalea wote kulizunguka. Kwa mtu aliyekwisha kunyang'anywa shamba, ngazi na usingizi na ugonjwa wake, kutengwa katika chakula ni pigo jingine. Hula kidogo, hukonda, kisha siku moja huomba mchuzi wa wenzake, na hakuna mwenye moyo wa kumnyima.

Sufuria hiyo ya pembeni haina hata sababu ya kisayansi. Mwaka 2022 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililowahusu wagonjwa 806 wa moyo wa aina hii katika nchi sita, zikiwamo Kanada, Meksiko na Australia. Kundi moja lilielekezwa kula sodiamu isiyofikia miligramu 1,500 kwa siku kwa muda wa mwaka mzima. Kundi la pili liliendelea na ushauri wa kawaida. Vifo na kulazwa hospitali havikupungua kwa kiasi cha kutegemewa, ingawa waliopunguza walijisikia nafuu kidogo. Wako waliorukia kusema kwamba chumvi, kumbe, haina neno. Hilo ni kosa la kusoma. Wagonjwa wale tangu mwanzo walikuwa wakila sodiamu inayozidi miligramu 2,000 kwa kiasi kidogo tu, yaani karibu na gramu 5 za chumvi, kiasi ambacho Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima yeyote asikifikie. Jaribio limeonyesha kwamba kutoka kiasi cha wastani kwenda kwenye ukame kuna faida ndogo. Halikumpa ruhusa mtu anayekula papa mkavu mchana na kunyunyiza chumvi juu ya mchuzi usiku.

Kama kipimo kinachomfaa mgonjwa kinakaribiana na kile kinachowafaa wote, chungu kimoja kinatosha, mradi kishushwe. Wenzake mezani nao wana haja. Utafiti uliofanywa katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili na kuchapishwa mwaka 2014 uliwachunguza wagonjwa 427 wa moyo ulioshindwa. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 55, na chanzo kilichoongoza, kwa asilimia 45, kilikuwa shinikizo la damu. Chumvi nyingi ni mojawapo ya mambo yanayolipandisha shinikizo hilo, na watoto wa mgonjwa wanakula kutoka katika chungu kile kile.

Kukishusha kunahitaji kujua chumvi inaingilia wapi. Jambo la heri ni kwamba ugali, kwa desturi ya nyumba nyingi, husongwa bila chumvi. Wali, chapati na mkate wa dukani havina sifa hiyo. Ng'onda wanajulikana. Dagaa wa pwani, ambao huchemshwa katika maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, hawashukiwi sana, wala vile vidonge vya kuungia mchuzi. Lakini anayesahauliwa kupita wote ni magadi. Hutiwa katika maharage na makande ili yaive upesi, na katika mlenda ili uteleze. Ulimi hauyahesabu kuwa chumvi, hata mpishi mwaminifu huapa kwamba hakutia kitu. Magadi safi ni chumvichumvi za kaboneti, na karibu theluthi moja ya uzito wake ni sodiamu. Maharage yaliyolowekwa usiku kucha huiva bila magadi, kwa kuni chache zaidi ya mtu anavyodhani.

Upande wa ladha, subira inahitajika. Mwaka 1982 Bertino, Beauchamp na Engelman walichapisha huko Marekani uchunguzi wa watu waliokula sodiamu kidogo kwa miezi mitano; kadiri muda ulivyopita, chakula chenye chumvi ndogo ndicho walichokiona kitamu. Ulimi hufundishika, ila si kwa wiki moja. Wakati huo ndimu, tangawizi, kitunguu saumu, pilipili na tui la nazi vifanye kazi ambayo chumvi ilizoea kuifanya peke yake.

Ipo pia chumvi mbadala, iliyochanganywa na potasiamu. Katika vijiji 600 vya China, kwa mujibu wa matokeo ya mwaka 2021, ilipunguza kiharusi. Hata hivyo mgonjwa wa moyo asiinunue kabla ya kumwuliza daktari: anayemeza spironolaktoni, au mwenye figo dhaifu, huweza kulimbikiza potasiamu hadi mapigo ya moyo yakavurugika.

Kliniki ingefanya vyema kumwita ndani yule aliyeachwa barazani na mizigo, akaulizwa anaunga mboga kwa nini, anatia magadi katika nini, na pakiti ya chumvi hukaa siku ngapi. Swali hili la mwisho halihitaji maabara. Nyumba ya watu wazima sita, kila mmoja akiwa na gramu 5, hutumia gramu 30 kwa siku. Pakiti ya nusu kilo, hata kama chumvi yote ingetoka humo, isingepaswa kwisha kabla ya siku 16. Tarehe ya kufunguliwa iandikwe juu ya pakiti kwa kalamu, na siku ya kliniki pakiti hiyo iletwe pamoja na vidonge.