Pikipiki imeongezwa nguvu, mbona inachemka mlimani?

Kila EWURA inapotangaza bei kikomo za mafuta, Jumatano ya kwanza ya mwezi, simu ya studio hujaa malalamiko ya madereva bodaboda. Safari hii yamekuja na jambo la pili. Vijana kadhaa wanasema pikipiki zao zinakula petroli kuliko zamani, zinachemka mlimani, na eksozi inalia pa! pa! wakiachia resi. Nilipowapigia mmoja mmoja, karibu wote walikuwa wamebadilisha kitu: wameweka eksozi ya wazi, wametoa filta ya hewa, au wamefunga silinda na pistoni ya 150 kwenye injini ya 125. Baada ya hapo hakuna aliyegusa kabureta.

Injini ya petroli inaunguza mafuta na hewa kwa kipimo. Kwa uzito, gramu 1 ya petroli inahitaji hewa ya gramu kama 14.7. Kabureta ilipangwa kiwandani kufuatana na eksozi ile na filta ile. Ukifungua njia ya hewa, hewa inazidi mafuta, na injini inapata joto kali. Uipandishe na magunia ya viazi kwenye milima yetu hii ya Njombe, pistoni inaweza kukwama au hata kutoboka. Wengine wakisikia hivyo wanakimbilia jeti kubwa kupita kiasi. Hapo moshi unakuwa mweusi, tangi linaisha mapema, na petroli isiyoungua inaosha oili kwenye kuta za silinda.

Kuna jambo jingine ambalo video za mafundi wa mjini hazisemi. Njombe mjini tuko karibu meta 2,000 juu ya usawa wa bahari. Hewa huku ni nyembamba, pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na Dar es Salaam. Jeti inayofaa kule Pwani huku itazidisha mafuta.

Kazi ya kurekebisha inafanyika nyumbani, bisibisi na spana ya plagi vinatosha kuanzia. Ifanyie nje, si ndani ya banda, kwa sababu moshi wa eksozi una gesi inayoua bila kunuka. Koroboi na sigara vikae mbali.

Kwanza hakikisha hewa haivuji kati ya kabureta na injini, na valvu zimepimwa injini ikiwa baridi. Kisha soma plagi. Panda mlima na mzigo wako wa kawaida, zima injini pale pale bila kuiacha ingurume, ngoja ipoe, fungua. Rangi ya kahawia kama karanga za kukaanga ni nzuri. Nyeupe kama chokaa, mafuta hayatoshi. Nyeusi yenye masizi makavu, mafuta yamezidi. Ikiwa nyeusi na inateleza kwa oili, kabureta haina kosa, angalia ringi.

Halafu jiulize tatizo linatokea wakati gani. Likitokea kwenye sailensa, yaani pikipiki imesimama inanguruma yenyewe, ni jeti ndogo na skrubu ya mchanganyiko. Likitokea kwenye resi ya kati, ni sindano. Likitokea ukivuta resi yote, ni jeti kubwa. Skrubu ya mchanganyiko igeuze robo mzunguko kila mara, injini ikiwa moto, mpaka mlio upande juu kabisa, kisha shusha sailensa kwa skrubu yake. Wengi wanakosea hapa: skrubu iliyo upande wa filta inapitisha hewa, ukiikaza mafuta yanaongezeka. Iliyo upande wa injini, ukiikaza yanapungua. Kwenye sindano, klipu ikishuka ngazi moja sindano inapanda na mafuta yanaongezeka. Jeti badilisha saizi moja tu, soma plagi tena, andika ulichofanya. Ukibadilisha vitu viwili kwa pamoja hutajua kipi kimesaidia.

Sasa tuje kwenye pesa. Tuchukue pikipiki iliyokuwa inatumia lita 2 kwa siku, sasa inatumia 2 na nusu. Kwa siku 26 za kazi ni lita 13 zaidi kwa mwezi. Na wengi wa waliopiga simu wanaendesha kwa mkataba, wanapeleka hesabu kwa bosi mpaka pikipiki iwe yao. Mmoja wao injini ilimfia mlimani, pikipiki imelala kwa fundi wiki ya tatu, na hesabu inaendelea kuhesabiwa. Nilimwomba anisomee mkataba wake. Hausemi lolote kuhusu kubadilisha injini wala nani analipa ikiharibika. Kadi nayo ina jina la bosi na ujazo wa injini. Ukifunga silinda kubwa, kadi inasema 125 na injini ni kitu kingine, na ikitokea ajali anayetafutwa kwanza ni mwenye jina kwenye kadi. Ndiyo maana nasema bosi ajulishwe kabla, na makubaliano yaandikwe, hata kama ni mistari miwili.

Eksozi ya wazi kwa maoni yangu ni kelele tu, na majirani wenye watoto wachanga wananiunga mkono. Anayetafuta nguvu ya kupandisha mzigo ajaribu kwanza sproketi ya nyuma yenye meno mengi zaidi. Utapoteza mwendo kwenye tambarare, lakini mlimani itavuta, na kabureta inabaki ilivyo.

Haya yote ni kwa pikipiki za kabureta. Kama yako inapuliza mafuta kwa umeme, haina sindano wala jeti za kubadilisha, hiyo mpelekee fundi mwenye kifaa cha kuipima.

Jumamosi tutakuwa na fundi studio. Ukituma ujumbe, andika aina ya pikipiki, ulichobadilisha, na rangi ya plagi yako.