Orodha ya Nambari Kwenye Simu Yako Si Mali Yako Peke Yako

Leo nataka kuongea juu ya kitu ambacho kila mmoja wetu anacho mfukoni na ni wachache sana wanaokifikiria: ile orodha ya majina na nambari iliyo ndani ya simu. Tumezoea kuambiwa tulinde data zetu, tusimpe mtu nywila, tusitaje PIN ya M-Pesa mbele ya watu. Sawa kabisa. Lakini somo hilo lina kasoro moja kubwa, nalo ni kwamba linamchukulia kila mtumiaji kama yuko peke yake, eti ukizembea utaumia mwenyewe. Kwenye orodha ya nambari mambo hayaendi hivyo. Unazembea wewe, anaumia shangazi yako.

Hapa Kenya tulilipata somo hili kupitia mikopo ya simu. M-Shwari ilikuja Novemba 2012, halafu kuanzia mwaka 2014 zikaja programu za kujitegemea kama Mkopo Rahisi, ambayo baadaye iliitwa Tala. Ilikuwa ajabu kweli. Hakuna foleni benki, hakuna hati ya shamba, hakuna kumbembeleza meneja. Unapakua programu, unabonyeza mara tatu nne, pesa zinaingia M-Pesa. Sasa, kampuni ambayo haijawahi kukuona inajuaje kama utalipa? Inaiuliza simu yako. Kumbukumbu zilizo ndani ya simu zikawa ndizo zinazokupimia uaminifu.

Baada ya hapo yakafurika makampuni madogo madogo yasiyojulikana ofisi zao ziko wapi, na baadhi yao wakagundua matumizi mengine ya ile orodha. Mtu akichelewa kulipa siku mbili, meseji zinaanza kwenda kwa watu wake: bosi wake kazini, jirani, mwalimu wa mtoto, mama mkwe. "Mwambie fulani alipe deni letu." Mnamo Aprili 2020 Benki Kuu iliwazuia wakopeshaji wa mitandaoni wasiosimamiwa kupeleka majina ya wadaiwa kwenye zile ofisi za rekodi za mikopo tunazoziita CRB. Kwa maoni yangu ulikuwa uamuzi mzuri, maana watu walikuwa wanachafuliwa majina kwa deni la shilingi mia tano. Lakini mkopeshaji aliyenyang'anywa fimbo moja hutafuta nyingine, na fimbo iliyokuwa karibu ilikuwa aibu.

Na aibu kwetu huku Pwani ni kitu kizito. Mtu wa Likoni anaweza kuishi na deni mwaka mzima, akavuka feri kila asubuhi kwenda kutafuta riziki kisiwani na hakuna anayejua kitu. Lakini siku ambayo wakwe zake wanapata meseji kwamba yeye ni tapeli, hiyo ni habari nyingine. Ndoa zimetikisika kwa mambo haya.

Mimi mwenyewe niliwahi kupigiwa simu na kampuni moja (jina siliweki hapa) nikidaiwa habari za mtu ambaye nilimjua kwa sababu moja tu: aliwahi kunitengenezea friji. Yule dada aliyepiga aliniita mdhamini. Mdhamini wa nini? Sikuwahi kutia saini popote, wala yule fundi hakuwahi kuniomba. Nilikuwa nimo tu ndani ya simu yake, labda kwa jina la "Mteja Friji Likoni", na hilo lilitosha.

Sasa hebu niwaeleze kinachotokea kiufundi, maana nikiwa mtu wa kuandika programu naona watu wengi wanadhani ni uchawi au wadukuzi. Si uchawi. Kwenye Android, programu ikitaka kusoma orodha yako lazima iombe ruhusa. Kabla ya Android 6.0 ya mwaka 2015 ulikuwa unakubali ruhusa zote kwa pamoja wakati wa kusakinisha. Tangu hapo programu inakuuliza wakati wa kuitumia. Ukishabonyeza kuruhusu, mistari michache tu ya programu inatosha kuzunguka kwenye orodha nzima, jina kwa jina, na kuituma kwa seva. Orodha ya watu 800 ni faili dogo kuliko picha moja uliyopiga Shelly Beach. Inakwenda kwa sekunde chache na hutaona hata bando likipungua. Halafu, na hapa ndipo watu wengi wanapojidanganya, ukiondoa ruhusa kesho au ukifuta programu nzima, kilichokwenda hakirudi. Umefunga mlango tu, mzigo ulishatoka.

Tena wanachochukua hakiishii kwenye nambari. Angalia jinsi tunavyoandika majina kwenye simu zetu. "Mama." "Baba Mkwe." "Boss Kazini." "Mpangaji Mtongwe." "Daktari wa Sukari." "Asha Deni 3000." Kila jina ni maelezo ya uhusiano, na wakati mwingine ni siri ya mtu. Huyo Asha hajui kwamba jina lake limeunganishwa na deni kwenye simu yako, seuze kwenye seva ya kampuni asiyoijua. Mkusanyaji madeni hahitaji akili nyingi kujua aanze kumpigia nani: anatafuta neno "Mama".

Kuna swali ambalo watumiaji wangepaswa kutuuliza sisi waandishi wa programu, nalo ni hili: mnataka orodha nzima ya nini? Android ina njia ya zamani sana ambayo programu inafungua orodha, mtumiaji anachagua jina moja, na programu inapewa hilo moja tu bila kuhitaji ruhusa ya orodha nzima. Apple nao, kwenye iOS 18 ya mwaka 2024, wamemwezesha mtumiaji kuchagua majina anayotaka kuyaonyesha na kuyaficha mengine. Kwa hiyo mtengenezaji anayehitaji nambari moja akaomba 800, ama ni mvivu ama ana mipango yake. Nimeshakaa kwenye vikao ambavyo mteja anasema "weka na ruhusa ya majina, huenda tukaihitaji baadaye". Baadaye ya kufanya nini, hasemi.

Msidhani ni mambo ya kampuni za vichochoroni peke yake. Aprili 2021 taarifa za watumiaji milioni 533 wa Facebook, zikiwemo nambari za simu, zilikutwa zimemwagwa mtandaoni. Facebook walieleza kwamba wahusika hawakuvunja mfumo. Walitumia kile kipengele cha kupakia orodha ya simu yako ili utafutiwe marafiki, wakapakia nambari kwa wingi na kuangalia ni ya nani. Hiyo ilikuwa kabla ya Septemba 2019. Yaani kitu kilichowekwa kwa urahisi wako ndicho kilichotumika kuwavua wengine.

Mtu ataniuliza, kwani sheria iko wapi? Iko, na si mbaya. Katiba ya 2010, kifungu cha 31, inalinda faragha. Sheria ya Kulinda Data ilitiwa saini Novemba 2019, na mwaka uliofuata akaapishwa Kamishna wa kwanza wa Data, Immaculate Kassait. Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 kwa wakopeshaji wa mitandaoni zinakataza kuwasumbua watu walio kwenye simu ya mdaiwa. Google nao walitangaza kwamba kuanzia 31 Mei 2023 programu za mikopo ya watu binafsi kwenye duka lao haziruhusiwi kugusa orodha ya majina wala picha. Na faini zimetolewa: Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna iliitoza kampuni ya Mulla Pride, wenye KeCredit na Faircash, shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina na nambari walizozipata kwa watu wengine na kuwatumia wenye nambari hizo meseji na simu za vitisho.

Soma tena hapo: walizozipata kwa watu wengine. Watu gani? Ni sisi. Ni mimi na wewe tuliobonyeza.

Sheria hiyo hiyo, kifungu cha 51, inaachilia nje mtu binafsi anayetumia data kwa mambo yake ya kibinafsi au ya nyumbani. Na ni sawa, nani anataka serikali imkague jinsi alivyoandika jina la mjomba wake kwenye simu? Lakini maana yake ni kwamba Kamishna anaweza kuifuata kampuni. Wewe mwenye simu hana habari nawe. Kwa hiyo kati ya nambari ya shangazi na seva ya kampuni, mlinzi aliyebaki ni mmoja tu, nawe ndiwe. Wazee wetu walikuwa na neno kwa kitu cha mtu mwingine kinachokaa kwako: amana. Mtu aliyekupa nambari yake amekupa umpigie wewe. Hakukupa uigawe, wala uiweke rehani.

Najua nitajibiwa: wewe una mshahara, unaongea tu. Mtu ana mtoto anaungua homa saa nne ya usiku, anahitaji shilingi elfu mbili, atakaa asome masharti ya faragha? Hoja hiyo naiheshimu na sitajifanya siijui. Wala simlaumu anayekopa. Shida si starehe, na mkopo wa simu umewaokoa watu wengi ambao benki haikuwataka. Ninachosema ni kwamba saa nne ya usiku si saa ya kuanza kuchagua programu. Chagua mchana, ukiwa huna shida. Benki Kuu inatoa kwenye tovuti yake orodha ya wakopeshaji waliopewa leseni, nao ni zaidi ya 100, kwa hiyo si kwamba utakosa pa kwenda. Na programu ya mkopo inayokuja kama faili kupitia kiungo cha WhatsApp, nje ya duka la Google, iache huko huko. Masharti ya duka hayaifikii, na mara nyingi ndiyo sababu haiko dukani.

Halafu kuna lile la "wadhamini" au "watu wa karibu". Programu nyingi siku hizi hazigusi orodha yako lakini zinakutaka uandike mwenyewe nambari mbili au tatu za watu. Hapa hakuna teknolojia ya kulaumiwa, ni mkono wako unaandika. Watu wanaweka nambari ya mama, ya dada, ya msimamizi wa kazini, bila kuwaambia neno. Hili linanikera kuliko lile la kwanza, kwa sababu yule aliyebonyeza kuruhusu pengine hakuelewa, lakini huyu anaelewa vizuri. Kupiga simu na kusema "mama, nakopa mahali fulani na nimetaja nambari yako, wakipiga usishtuke" kunachukua dakika moja. Ukiona aibu kumwambia wewe, fikiria atakavyoambiwa na wao. Na akikataa, basi amekataa, tafuta mwingine.

Basi leo fungua mipangilio ya simu yako, nenda kwenye ruhusa, angalia sehemu ya majina (simu iliyowekwa kwa Kiswahili inaiita "Anwani"). Utaona orodha ya programu zinazoruhusiwa kuisoma. WhatsApp utaikuta hapo na inaeleweka, ingawa hata hiyo unaweza kuinyima kisha ukaishi na usumbufu wa kuona nambari badala ya majina. Lakini tochi? Mchezo wa mpira? Programu ya kuhariri picha? Ondoa. Hakuna kitakachoharibika, programu ikigoma kufanya kazi kwa sababu umeinyima majina ambayo haina shughuli nayo, umeshapata jibu lako.

Na kama wewe ndiye uliyepigiwa kwa deni la mtu mwingine, usiishie kutukana na kukata simu. Hifadhi meseji, andika tarehe na nambari iliyopiga. Sheria inakupa haki ya kuiuliza kampuni ina nini juu yako na imekitoa wapi, na kuitaka ifute inachokishika bila haki. Barua pepe fupi inatosha: jina, nambari yako, na ombi lenyewe. Wasipojibu au wakiendelea kukusumbua, peleka malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Data. Sheria inaipa siku 90 kuyachunguza na kuyamaliza.