Wavuvi Ndio Hufika Kwanza

Usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, meli ya MV Spice Islander I, iliyojaa watu na mizigo kupita kiasi, ilizama katika mkondo wa Nungwi ikielekea Pemba. Walionusurika walielea kwa kung'ang'ania magodoro. Miongoni mwa waliokwenda kuwaopoa walikuwa wavuvi wa Nungwi na wenye boti za kupigisha watalii mbizi.

Novemba 6, 2022, ikawa zamu ya Bukoba. Ndege ya Precision Air yenye watu 43 ilitumbukia Ziwa Victoria, na wavuvi wakawahi kwa mitumbwi, mmoja wao akipambana na mlango wa nyuma kwa kasia. Watu 24 walitoka hai, 19 walifariki. Kijana yule alipongezwa, akapewa fedha na ajira katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Alistahili. Lakini ajira ya mtu mmoja haiuandai mwalo mzima. Siku chombo kingine kitakapozama, mafuta ya mashine atalipa nani? Mvuvi akifa akiokoa, watoto wake watalelewa na nani?

Uingereza waliyajibu maswali haya zamani. Shirika la uokoaji baharini la RNLI, lililoanzishwa mwaka 1824, huendeshwa zaidi kwa michango ya wananchi, na mabaharia wake wengi ni watu wa kujitolea wenye kazi zao nyingine. Wao hutoa muda na ujasiri. Boti, mafunzo, mavazi na mafuta ni juu ya shirika.

Hata hivyo bahari haina huruma. Desemba 19, 1981, watu wanane wa Mousehole, kijiji cha wavuvi huko Cornwall, walitoka na boti ya Solomon Browne kwenda kuokoa waliokuwa katika meli ya Union Star, iliyozimikiwa injini katikati ya tufani. Nahodha Trevelyan Richards alikataa kuchukua wawili wa nyumba moja. Huenda moyo ulikwishamwambia. Hakurudi hata mmoja, na wanane wa meli nao walikufa. Familia za waokoaji zilichangiwa zaidi ya pauni milioni 3, na kabla siku haijaisha kijiji kilikuwa na watu wa kutosha kuunda kikosi kipya.

Watu wa namna hiyo wapo Nungwi, wapo Kilwa, wapo Lamu. Wanachokosa ni vitu vinavyonunulika: redio ya mawasiliano, majaketi ya kujiokolea, mafuta ya akiba yasiyoguswa kwa kazi nyingine, mafunzo ya huduma ya kwanza, na bima. Wavuvi hulipa ada za leseni. Sehemu ya fedha hizo irudi kwenye kamati zao za mialo kwa kazi ya uokoaji, na kampuni za meli zinazobeba abiria katika mikondo hiyo hiyo nazo zichangie, kwa sheria, kila mwaka.